Zamu ya Mbonea na Honi ya Ndiva

Wasikilizaji wangu, wakubwa kwa wadogo, kaeni vizuri mshike majina matatu, kwa sababu mwisho wa habari hii mtatakiwa kuchagua moja.

Jina la kwanza ni Elisamia Mgonja, fundi redio wa kijiji cha Vumbea, juu katika milima ya Upare. Kipaji chake kilikuwa masikio. Ukimpelekea redio inayokwaruza, hakukimbilia bisibisi. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, kisha akakwambia ni kidude gani kilichokufa ndani yake. Alikuwa na amplifaya moja kubwa aliyoikodisha kwenye sherehe, na harusi isiyokuwa na amplifaya ya Elisamia ilihesabiwa kuwa harusi ya watu waliogombana.

Jina la pili ni Ombeni Msuya, mwenye mashine ya kusaga. Kipaji chake kilikuwa nguvu, pamoja na wepesi wa kuitoa. Gari la tangawizi lilipokwama kwenye tope, watu walimwita Ombeni kwanza, dereva baadaye. Mashine yake ya dizeli iliwashwa kwa betri kubwa ya lori, na betri hiyo aliitunza kama mtu anavyomtunza ng'ombe wa maziwa: aliifuta vumbi, akaijaza maji yake, na hakuruhusu mtu kuikalia.

Jina la tatu ni Nakundwa Mbwambo, mjane wa Mbonea Mgonja. Alikuwa na binti mmoja, Namsifu, kwa hiyo wengi walimwita Mama Namsifu. Sisi tutamwita kwa jina alilopewa na baba yake. Kipaji cha Nakundwa kilikuwa macho. Aliweza kupita kando ya ukuta wa udongo akakwambia mahali utakapopasuka, wakati wewe ulikuwa bado unausifu. Elisamia, yule fundi redio, alikuwa mdogo wake Mbonea, yaani shemeji yake Nakundwa.

Sasa mjue ndiva ni nini, maana si kila mtu amefika Upare. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo linalojengwa mlimani. Maji ya kijito huingia humo na kujaa usiku kucha. Alfajiri mlango wake wa mbao hufunguliwa, nayo maji hushuka kwa mfereji hadi mashambani. Kila nyumba ina zamu yake. Mwenye zamu ndiye anayefungua mlango, na mkono wa mtu mwingine ukiugusa, huo ni wizi, hata mkono uwe wa ndugu. Zamu iliyo bora ni ya alfajiri, wakati ndiva imejaa. Anayefuata hupata pungufu, na wa mwisho huchota matope.

Katika ndiva ya Mangeni, zamu ya alfajiri ilikuwa ya Mbonea.

Mwaka wa mvua nyingi ndiva hiyo ilijaa mchana, mlango ukiwa umekwisha kufungwa. Watu waliopita waliuona ukuta umelowa na kuvimba. Mnadhani waliufungua mlango? Walianza kuulizana saa hiyo ni zamu ya nani. Mmoja alisema ni ya fulani; mwingine akasema fulani amebadilishana na jirani yake; wa tatu akatumwa shambani kumtafuta jirani huyo. Walisimama pale wakibishana, kila mmoja mikono nyuma asije akaitwa mwizi wa maji. Mbonea alikuwa chini akisafisha mfereji, na hakuna aliyekumbuka kumwita. Ukuta ulipoachia, uliondoka naye.

Siku ya kuanua matanga kamati ya maji ilikaa. Kwa kuwa Mbonea hakuacha mtoto wa kiume, zamu yake ilirudi kamatini, ikawekwa. Nakundwa akapewa zamu ya mwisho, ile ya matope. Siku ile Elisamia alisimama mbele ya waombolezaji, jembe la kaka yake mkononi, akasema kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa jikoni:

"Shemeji, siku zamu hii itakapotajwa tena, mimi ndiye nitakayekuwa mdomo wako."

Nakundwa aliyashika maneno hayo. Ndiva ikajengwa upya, kiangazi kikaja, tangawizi yake ikanyauka, akayashika. Kiangazi cha pili wazee wa ukoo walimdokeza, kwa upole kabisa, kwamba shamba likikauka tena watalichukua, naye itambidi arudi kwa baba yake. Hata hapo aliyashika.

Siku moja alikuwa mashineni kwa Ombeni akingoja unga wake. Elisamia naye alikuwepo. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima, na kila aliyekuwa pale alikuwa akiyatazama kwa jicho la pembeni.

"Laiti ukuta ungekuwa na sauti," alisema Nakundwa. "Ungewaita watu mapema, wakabishane zamu zao wakati nafasi ingalipo."

Elisamia akainua kichwa. "Unaweza kupewa sauti."

"Kwa mdomo gani?" akauliza Ombeni. "Ule unaowakodishia maharusi?"

"Huo huo."

Ombeni akacheka mpaka unga ukamwagika. Lakini Elisamia hakuwa anatania.

Mchango wa Elisamia ulikuwa huu. Alikwenda nyumbani, akaifungua amplifaya yake, akang'oa kidude cha chuma chenye ukubwa wa kifungo cha koti. Alirudi nacho kwenye kiganja, akakiweka juu ya gunia.

"Hii inaitwa transista," alisema. "Ina sehemu tatu, na kila moja ina jina lake: beizi, kolekta na emita. Umeme mkubwa unataka kupita kutoka kolekta kwenda emita, lakini njia imefungwa. Umeme mdogo, mdogo sana, ukiingia kwa beizi, njia inafunguka. Ule mdogo ukikatika, njia inajifunga."

"Basi si ni swichi tu," alisema Ombeni.

"Ni swichi isiyotaka kidole."

Nakundwa aliitazama kwa muda. "Ni mlango wa ndiva," akasema. "Na huyo beizi ndiye mwenye zamu."

"Shemeji, nimesoma ufundi huu Moshi na hakuna mwalimu aliyenieleza vizuri hivyo."

Kuanzia siku hiyo amplifaya ya Elisamia ikawa bubu. Msimu wa harusi ulikuwa umefika. Watu wakaenda kukodi kwa fundi mwingine ng'ambo ya bonde, na wakishaizoea sauti ya mtu mwingine hawarudi upesi. Elisamia aliyaona hayo yote, na transista hakuirudisha mahali pake.

Mchango wa Ombeni ulikuwa huu. Alitoa honi ya pikipiki yake ya zamani, iliyokuwa imeoza kila kitu isipokuwa honi. Kisha alisimama mbele ya betri yake, akaifuta vumbi, akasema, "Haya, mama, ukafanye kazi mlimani." Tangu hapo akawa anawasha mashine kwa hendeli, akiizungusha kwa mkono. Hendeli ya dizeli ina hasira. Asubuhi moja ilimrudia, ikamvunja kifundo cha mkono wa kulia. Nakundwa alimpelekea uji mpaka mkono ukaunga, na ulipounga ulikuwa umepinda. Ombeni hakuidai betri yake.

Mchango wa Nakundwa ulianza siku ya jaribio. Elisamia aliweka kikombe cha maji mezani. Kwanza alitaka waione kazi ya transista. Alichukua waya wa kutoka kwenye betri na waya wa kwenda kwenye honi, akazitumbukiza ncha zote mbili majini. Honi ikanyamaza kimya.

"Maji yanapitisha umeme," alisema, "lakini kidogo mno. Honi haiwezi kuamka kwa kidogo hicho. Sasa tukipeleke kidogo hicho kwa beizi, kikafungue njia ya ule mkubwa."

Aliunganisha upya, akatumbukiza ncha. Honi ikatoa mkoromo kama wa mtu aliyelala chali.

"Hiyo ndiyo sauti?" akauliza Ombeni. "Hata kuku wa Mama Namsifu hatageuka."

Elisamia akabadilisha hiki, akakaza kile. Mkoromo ukabaki mkoromo. Alikuwa ameanza kutokwa na jasho Nakundwa aliposogea mezani.

"Ncha hizi ni nyembamba," alisema. "Maji yazishike wapi? Zipe uso mpana."

Akaenda kwake, akaleta sufuria yake kubwa, ile ya kupikia pilau ya watu mia, iliyokuwa ikikodishwa kila penye harusi au msiba na kumletea chumvi na mafuta ya taa. Mbele yao aliikata kwa patasi, akatoa mabati mawili mapana. Wakayafunga kwenye nyaya, karibu karibu lakini yasigusane, wakayatumbukiza kwenye ndoo. Honi ilipiga kelele mpaka mbuzi wa Ombeni wakakata kamba.

Ikabaki kuamua mahali pa kuyafunga mabati. Ombeni alitaka juu kabisa ya ukuta.

"Maji yakifika pale juu," alisema Nakundwa, "mtaisikia honi na kifo kwa pamoja. Ukuta huu unalia kuanzia hapa." Akaonyesha mahali, shubiri mbili chini ya ukingo, ambapo wao hawakuona chochote ila udongo kama udongo mwingine. Akachokoa kwa kijiti: vishimo vya kaa, kimoja kando ya kingine. Aliingia majini mpaka kiunoni, akayafunga mabati kwenye nguzo kwa mikono yake mwenyewe, na baridi ile ikamlaza homa.

Betri waliihifadhi ndani ya kibanda kidogo cha mawe juu ya ukuta. Transista waliifunga kwenye kipande cha chuma ipate kupoa. Maji yasipoyafikia mabati, hakuna kilichopita, na betri ililala bila kupungua. Jioni hiyo walikaa watatu wakala ndizi kwa maziwa, wakakubaliana kwamba kitu kile ni cha watatu. Hakuna aliyeona haja ya shahidi.

Ikaja Jumapili ya mavuno. Vumbea kulikuwa na jua zuri, watu wote wako kanisani, magunia ya mahindi na mikungu ya ndizi imepangwa mbele ya madhabahu. Hawakujua kwamba mvua kubwa ilikuwa inanyesha huko juu msituni. Katikati ya mahubiri ikasikika honi.

Mchungaji alivumilia kidogo, kisha akasema, "Mwenye gari atoke akaizime honi yake."

Watu wakatazamana. Vumbea hakukuwa na mwenye gari.

Nakundwa alisimama. "Si gari, Mchungaji. Ni ndiva."

Kanisa lilimwagika. Mwenye zamu ya saa ile alikuwa mwimba kwaya, naye alipanda mlima na joho lake jeupe, ameliinua mpaka magotini, watoto wakimshangilia. Alikuta maji yamepita mabati kidogo tu. Akafungua mlango. Ukuta ukabaki umesimama, na mashamba yaliyo chini yake, na nyumba, na watu ambao siku ile walikuwa wameketi kibarazani kwa sababu ya ugonjwa au uzee.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti wa kamati ya maji, Bwana Kadeghe Msangi, alitangaza nje ya kanisa: "Zamu ya marehemu Mbonea imekaa bila mwenyewe kwa muda mrefu. Kamati imekubaliana kumpa aliyetengeneza honi. Na kama mnavyojua, zamu ina jina moja tu. Tutakutana Alhamisi, ofisi ya kijiji."

Nakundwa aliposikia zamu ya mumewe ikitajwa, alijawa na furaha. Siku imefika, alijiambia. Hakwenda kwa Elisamia kumkumbusha ahadi. Aliona kumkumbusha ni kumtukana.

Katikati ya juma alipeleka mahindi kusaga. Alimkuta Elisamia ameketi mashineni, na alipoingia, mazungumzo yakakatika. Ombeni alimwambia mashine haiko sawa, arudi kesho. Alisema hivyo huku akitazama unga uliokuwa bado unaelea hewani. Nakundwa akafikiri ni ule mkono unamsumbua. Akampa pole, akabeba mahindi yake, akarudi nyumbani.

Alhamisi alivaa kitenge chake cha heri. Alichagua kuketi nyuma kidogo, kama anavyoketi mtu mwenye msemaji.

Bwana Kadeghe akauliza, "Honi hii imetengenezwa na nani?"

Elisamia akasimama. "Mwenyekiti, honi ile nimeitengeneza mimi. Ombeni alitoa betri. Shemeji alinisaidia kufunga mabati."

Nakundwa alingoja sentensi inayofuata.

Elisamia akaketi.

"Kwa hiyo zamu iandikwe jina lako?" akauliza mwenyekiti.

"Iandikwe jina langu."

"Na wewe Ombeni, huna neno?"

Ombeni hakuwa mtu wa uongo, wala hakuwa mtu wa kunyamaza. "Mimi nimeridhika, Mwenyekiti. Tulishapatana. Jina litakuwa lake, maji wiki moja yake, wiki moja yangu."

"Mlipatana lini?"

"Juzi, pale mashineni."

Nakundwa aliuona tena unga ule ukielea hewani, akajiona mwenyewe amesimama mlangoni na gunia lake kichwani, akimpa pole mtu ambaye alikuwa ametoka kuligawa fungu lake dakika ile ile. Iliyomjia haikuwa hasira bado. Ilikuwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa.

"Shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba waliokuwa karibu na dirisha waliinama kusikia. "Nilikusaidia?"

"Shemeji, usilipokee hivyo. Zamu ile ni ya baba yetu. Ikiandikwa jina lako, kesho ukiolewa, inakwenda kwa nani?"

"Nani amekuja kunioa, Elisamia? Nitajie huyo bwana nami nimfahamu. Mimi ninayefukuza vumbi shambani kila kiangazi, mkono mmoja jembe, mkono mmoja leso ya pua?"

Mtu mmoja akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akakoma.

"Ulisema utakuwa mdomo wangu," alisema Nakundwa.

"Nilisema hivyo msibani."

"Ndiyo. Msibani. Ungeyasema wapi pengine nikakuamini zaidi?"

Elisamia akatazama viatu vyake. "Nilikusudia kukulinda. Ningekupa maji. Ungekuja kuniomba, nami ningekupa."

"Kuomba," alisema Nakundwa.

Bwana Kadeghe aliona jambo limemzidi kimo. Akaamuru wote wapande Mangeni, kila mchango upimwe mbele ya macho ya watu. Ndiva siku ile ilikuwa imejaa karibu na mabati. Wakaongeza maji kidogo kutoka kijitoni mpaka honi ikalia.

"Ombeni, toa betri." Ombeni akatoa. Kimya. Akarudisha, honi ikalia.

"Elisamia, toa transista." Elisamia akatoa. Kimya. Mtu mmoja akasema nyaya zilizobaki ziunganishwe zenyewe kwa zenyewe. Elisamia akaunganisha betri moja kwa moja na honi: ikalia, na ikaendelea kulia hata mabati yalipoinuliwa kutoka majini, ikilia bila kujua inalilia nini. "Hiyo itakula betri yote kabla ya jioni," alisema Elisamia, "na mvua ikija kweli, itakuwa imekufa." Akairudisha transista.

"Mama Namsifu, toa mabati." Nakundwa akaingia majini, akayatoa. Kimya. Nyaya tupu zikatumbukizwa, ikarudi sauti ile ya mkoromo. Akayarudisha, honi ikalia, kisha mwenye zamu akafungua mlango kidogo, maji yakapungua, ikanyamaza.

Watu wakashusha pumzi. Walikuwa wamepanda mlima wote ule, na walijua kile kile tu walichokijua walipokuwa bondeni.

"Basi kila mmoja aseme neno lake la mwisho," alisema mwenyekiti.

Ombeni akauinua mkono wake uliopinda. "Sauti yote mliyoisikia kanisani ilitoka kwenye betri yangu. Transista haikuongeza nguvu hata tone, mwulizeni mwenyewe. Mabati hayakuongeza. Nguvu yote ni yangu. Tena mimi sikumwahidi mtu kitu msibani. Niliulizwa kama nataka nusu, nikasema nataka. Kama kuna kosa, kosa langu ni kwamba sikuuliza nusu ile inatoka kwa nani." Alimtazama Nakundwa, kisha akashindwa kumtazama. "Uji wako niliunywa, Mama Namsifu. Najua."

Elisamia akasema, "Betri ingekuwepo na mabati yangekuwepo, vingekaa hapa mpaka vioze. Mimi ndiye niliyejua kwamba kidogo kinaweza kufungua njia ya kikubwa. Nimetoa kilichokuwa kinanilisha. Na aliyechukuliwa na maji haya ni kaka yangu. Nilimbeba kwa mikono hii. Msiseme simjali. Niliogopa zamu yake isitoke nyumbani kwetu. Nikisema uongo kidogo ili isitoke, je, transista imeacha kufanya kazi?"

Nakundwa alikuwa bado ndani ya maji, kitenge kimemgandia miguuni. Akasema, "Umeme unaopita katika mabati yangu ni mdogo. Shemeji ameupima, anasema hata honi haiwezi kuuhisi. Lakini hakuna kilichoamka kabla yake. Betri ililala ikiungoja. Transista ilifunga njia ikiungoja. Na mahali pa kuyaweka mabati nilipajua mimi, si wao. Pangekuwa juu walikotaka wao, leo mngekuwa mnachimba makaburi. Sikusaidia mtu. Nilitengeneza. Zaidi ya hapo sina, ila mniambie kama zamu ya mume wangu itaandikwa jina la mtu aliyeniuza nikiwa nimesimama mlangoni."

"Nimekuuza?" Elisamia akaruka, macho yamemjaa machozi. "Basi tusijuane! Kila mtu achukue chake!" Akakishika kile kipande cha chuma chenye transista. Ombeni naye, kwa woga wa kupoteza vyote, akaweka mkono juu ya betri. Mikono ya Nakundwa ilikuwa tayari juu ya mabati.

Watu waliokuwa ukingoni wakaangalia juu. Wingu jeusi lilikuwa limeshuka mpaka kwenye miti ya msitu, na harufu ya mvua ilikuwa imeanza kufika. Yeyote ambaye angetangulia kung'oa chake angeliacha bonde zima bila sauti.

"Ngojeni!" alipaza sauti Bwana Kadeghe. "Hakuna anayegusa. Kamati itaketi hapa hapa."

Wajumbe wakajitenga kando ya mfereji, na maneno yao yaliwafikia watu. Mmoja alisema zamu ni ujira wa kazi, na kazi ya Elisamia haiwezi kufutwa na ulimi wake. Apewe ujira wa kazi yake, ulimi wake uhukumiwe na Mungu. Mwingine alisema anayeweza kumficha mtu wa tatu leo, kesho atauficha mlango wa ndiva. Wa tatu alimtetea Ombeni, kwamba ndiye pekee asiyevunja ahadi yoyote, tena mkono wake hautanyooka tena. Wa nne alisema Nakundwa apewe kwa sababu ameonewa. Wa tano akamjibu kwamba akipewa kwa huruma, watakuwa wamekubali neno la Elisamia kuwa alisaidia tu. Na jina ni moja. Zamu haijawahi kuwa na majina mawili tangu ndiva ile ilipojengwa mara ya kwanza.

Nakundwa aliyasikia yote. Alisimama majini, vidole juu ya mabati ya sufuria yake, akifahamu kwamba akivuta atakuwa amelipiza, na asipovuta atakuwa ameendelea kuwalinda waliomtenga. Matone ya kwanza yalimgusa mabegani.

Wajumbe wameinuka. Bwana Kadeghe anawageukieni ninyi mliosikia kila neno, na mvua haitamngoja. Je, zamu ya Mbonea mtaiandika jina la nani? Na mkimnyima Elisamia, mtakuwa mmemnyima kwa kazi ya mikono yake, au kwa maneno ya kinywa chake?